Kibaraza Kidogo cha Nyumba ya Kupanga: Jinsi ya Kupata Kivuli, Faragha na Mboga

Najua wengi mnasubiri somo la viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, na litakuja kabla mvua hazijakolea. Leo naomba tukae kidogo nje ya mlango, pale kibarazani. Ni somo la nyumbani, lakini lina udongo, mbolea na vipimo ndani yake, kwa hiyo bado niko kwenye kazi yangu.

Wengi wenu mna vibaraza. Aliyejenga kijijini anacho chake, mpana au mwembamba. Aliyekuja mjini Tabora kufuata biashara ya mpunga, karanga au asali amepanga chumba Ng'ambo, Isevya au Cheyo, na mbele ya chumba kuna kipande cha saruji ambacho hata mkeka mmoja haujai vizuri. Siku hizi wapo pia waliopanga ghorofani, wenye kibaraza cha juu chenye vyuma. Wote nawasikia wakisema jambo lilelile: pale nje hapakaliki. Jua linaingia, vumbi linaingia, na macho ya wapita njia yanaingia mpaka kwenye sahani.

Kwangu mimi jambo hili lilianza na mama yangu mzazi.

Mama aliishi Urambo miaka yote, kwenye nyumba yenye uwanja wa nyuma, mwembe na jiko la nje. Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa mzito, na mdomo ukapinda kidogo. Alipotoka hospitali nikamleta kwangu mjini, kwenye vyumba viwili ninavyopanga. Mtaalamu wa mazoezi alisema asikae ndani kutwa: atoke, apate hewa, atembee hatua chache asubuhi na jioni. Kutoka kwenyewe ni kibarazani, kwa kuwa uwanja wa nyuma tunachangia na wapangaji wengine, na kuna kamba za nguo na ndoo kila mahali.

Siku ya kwanza mke wangu alimtoa, akamweka kwenye kiti na kumletea uji. Njia ya mtaani inapita hatua mbili tu kutoka kibarazani. Ninyi mnajua desturi za Unyamwezi: mtu hampiti mtu mzima bila kumsalimu, na anayesalimiwa hanyamazi. Kila aliyepita alisimama. "Mwangaluka mayo!" Mama anageuza shingo, anatafuta maneno, uji unamchuruzika kidevuni, na yule aliyesimama anaangalia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini baada ya watu sita au saba mama alimwambia mke wangu amrudishe ndani. Jioni nilipomuuliza, akanijibu, "Mwanangu, mimi si sinema."

Tangu siku ile akakataa kutoka. Ilikuwa Septemba. Ninyi mnajua chumba cha bati cha Tabora kilivyo Septemba saa nane mchana. Akawa analala humo, mguu unazidi kukakamaa, na mazoezi hayafanyiki. Hapo nikaona kwamba kibaraza nacho ni sehemu ya matibabu yake, na kwamba hili naweza kulifanya mwenyewe.

Wazee wetu walilitatua zamani

Kabla sijagusa msumari nilikumbuka nyumba moja. Kazi yangu hunipitisha Kwihara, nje kidogo ya mji, mahali ilipo ile tembe ambayo leo ni makumbusho. Stanley na Livingstone walifika hapo Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Watu wengi wakienda pale huuliza habari za wazungu hao. Mimi naangalia jengo: kuta nene za udongo, paa la chini, kivuli cha mbele, na uwanja uliofichwa katikati.

Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walipofika Novemba 1857, mahali penyewe wakipaita Kazeh, Burton aliandika jinsi tembe za wafanyabiashara wa Kiarabu zilivyokuwa. Mbele palikuwa na kivuli kirefu na benchi pana la udongo ambapo wanaume walikaa asubuhi na jioni kupunga hewa, kuswali, kuzungumza na kufanya kazi zao. Ukipita mlango mkubwa unaingia kwenye baraza ya ndani, ina mabenchi ya udongo kulia na kushoto, na wageni wakitarajiwa mikeka inatandikwa. Kutoka hapo kwenda vyumbani njia haikunyooka. Ilikatwa kona kwa makusudi, ili aliyekaa barazani asione ndani.

Wajenzi wa pwani nao waliijua kona hiyo. Ukienda Lamu, nyumba za kale za mawe zina daka mbele, yaani kibaraza chenye mabenchi pande mbili, kisha unapita kijumba kidogo cha ndani kiitwacho tekani, na hapo unageuka kabla ya kufika uwanjani. Mgeni anakaa, anapewa maji, anazungumza na mwenye nyumba, na mambo ya ndani yanabaki ndani.

Nyumba zile za Tabora zilikuwa za wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na ule ubaya wa biashara yao sitaufunika. Mimi nachukua kona tu. Kona inatufundisha kwamba faragha haihitaji kufunga kibaraza chote. Ukikifunga chote umejenga chumba kingine cha joto. Unachotakiwa kukata ni mstari wa jicho, yaani ile njia iliyonyooka kutoka kwenye macho ya mpita njia mpaka kwenye kiti chako. Upepo unaweza kupinda kona. Jicho haliwezi.

Pima kwanza, nunua baadaye

Kazi yote ya vipimo ilinichukua robo saa. Nawe fanya hivi.

Weka kiti, kigoda au mkeka pale unapotaka kukaa. Kaa. Mwambie mtu mzima apite njiani kama anavyopita siku zote. Kila mahali macho yenu yanapokutana, weka alama kwa chokaa kwenye ukingo wa kibaraza. Utashangaa: si kibaraza chote kinachoonekana vibaya. Kwangu mimi ilikuwa mita moja na nusu tu upande wa mbele, na ile nafasi ya kwenye ngazi ambapo mgeni husimama akibisha hodi.

Kisha pima urefu. Kibaraza changu kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.4, na kimeinuka sentimita 45 kutoka chini. Macho ya mtu mzima anayetembea yako kama mita 1.55 kutoka ardhini. Toa 45, inabaki mita 1.1 juu ya sakafu ya kibaraza. Kwa hiyo kinga ya mita 1.2 inatosha kumficha aliyekaa kwenye kiti cha chini au kigoda. Ukisimama, unaona njia yote. Hapa watu wengi hupoteza fedha: wananunua vifaa vya kuziba mpaka darini, wakati mita 1.2 ingetosha. Kama kibaraza chako kiko sawa na ardhi, ongeza mpaka mita 1.5.

Tatu, angalia jua. Sisi tuko kama nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Jua la saa sita liko juu sana karibu mwaka mzima, na paa lako linalizuia lenyewe. Jua linaloingia kibarazani ni la pembeni: la asubuhi kutoka mashariki na la alasiri kutoka magharibi. La magharibi ndilo kali, maana linakuja wakati ukuta na bati vimeshapata moto. Kwa hiyo ubavu wa magharibi ndio unaostahili kinga ndefu.

Nne, upepo. Kiangazi upepo wetu hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, na ndio unaobeba vumbi. Lakini nyumba za jirani huugeuza, kwa hiyo usiniamini mimi, funga kipande cha kitambaa kwenye nguzo ukiangalie siku mbili. Upande ambao upepo unaingilia usiuzibe. Uache, au uweke kitu chenye matundu.

Vipande vitatu nilivyoweka

Kwanza nilimwomba mwenye nyumba. Nilimweleza habari ya mama, nikamwambia sitatoboa ukuta wala kumwaga zege. Akakubali. Ewe mpangaji, usiruke hatua hii. Kila nilichoweka kimefungwa kwenye nguzo kwa waya wa kufungia nondo na kamba ya katani, na siku nikihama nitakifungua nikipakie kwenye mkokoteni.

Kipande cha kwanza ni cha ubavuni, upande wa magharibi. Kina kimo cha mita 1.8, ni matete yaliyosukwa kwa kamba na kukazwa kwenye fremu ya mbao. Hicho kinakata jua la alasiri.

Kipande cha pili ni cha mbele, kimo mita 1.2, urefu mita 1.5. Hicho kinakaa mbele ya kiti cha mama tu. Sehemu iliyobaki ya mbele iko wazi kama zamani.

Kipande cha tatu ndicho kidogo na ndicho chenye kazi kubwa. Ni kinga ya sentimita 60 iliyosimama kukatiza kibaraza, kati ya mlango na kiti cha mama. Mtu akisimama kwenye ngazi kubisha hodi, anamwona mke wangu mlangoni, anaona benchi la wageni upande wa mashariki, lakini upande wa mama jicho linagonga matete. Hiyo ndiyo kona ya tembe. Upana wa kibaraza ni mita 1.4, kwa hiyo inabaki njia ya sentimita 80, ambayo mama anapita akiwa na fimbo na mtu wa kumshika pembeni. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kiti cha magurudumu, acha njia isiyopungua sentimita 90.

Kwa hiyo kibaraza cha mita 3 kimekuwa na sehemu mbili, ya wageni na ya nyumbani, na hakuna mlango katikati.

Vifaa: cha kutumia na cha kuacha

Matete ni mazuri, ni mepesi na yanapitisha hewa. Ila uyatoe mahali halali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na mimi kama mtumishi siwezi kukwambia uende ukafyeke kando ya mto. Nunua kwa mtu anayeyavuna kwa kibali, au tumia mabua ya mtama uliyovuna shambani kwako. Mabua yatakaa msimu mmoja, kisha yatakuwa matandazo ya bustani.

Kwa fremu nilichukua vipande vya mninga vinavyobaki kwa fundi seremala. Tabora tuna bahati hiyo: mafundi wa samani wanakata mninga kila siku, na vipande vyembamba visivyofaa kiti wanavitoa kwa bei ndogo. Mninga unavumilia mchwa kuliko mbao laini. Hata hivyo usiamini mbao yoyote ikigusa udongo wetu. Ning'iniza fremu ili sehemu ya chini ibaki wazi sentimita 15 juu ya sakafu. Uwazi huo una faida tatu: mchwa hapandi bila kuonekana, ufagio unapita, na nyoka hapati maficho.

Usitumie kamba za magome ya miti. Najua ni za bure, lakini mti wa miombo ukichunwa gome kuzunguka shina unakufa, na warina asali wetu wanaitegemea miti hiyo hiyo.

Viroba vya sandarusi naviona kwenye vibaraza vingi. Jua linavikausha, vinachanika vipande vipande, na kwenye upepo vinapiga kelele usiku kucha. Kama huna njia nyingine tumia neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, au jamvi la ukindu. Jamvi ni zuri kwa mpangaji, unalikunja asubuhi na kulishusha jioni. Likilowa mvua lianike haraka, lisiote ukungu.

Kitenge kuukuu nacho ni pazia. Mke wangu alifunga kimoja kwenye waya juu ya kile kinga kidogo, akikifunga wakati wa kumwogesha mama uso na miguu, na kukifungua akimaliza.

Onyo moja: matete makavu ni kuni. Jiko la mkaa lisikae kibarazani ukishaweka kinga hizi, hata kama umezoea kuanika jiko pale upepo uliwashe. Na anayevuta sigara akavutie njiani.

Sasa tuje kwenye mimea

Kinga ya matete inafanya kazi siku ileile. Mimea inafuata taratibu, na hiyo ndiyo inayofanya mahali papendeze na papoe. Usianze na mimea ukategemea ikufiche mwezi huohuo.

*Nderema.* Hii ni mboga inayotambaa, majani manene, yanateleza kidogo yakipikwa. Inakubali ndoo, inapenda joto, na inaoteshwa kwa vipandikizi. Kata kipande cha shina chenye vifundo vitatu au vinne, zika vifundo viwili, mwagilia. Nina ndoo tatu za lita 20 zilizopangwa nyuma ya kinga ya mbele, na nderema imepanda kwenye matete. Baada ya kama wiki sita hadi nane unaanza kuchuma. Ukichuma ncha inatoa matawi, na matawi yanaziba zaidi. Yaani ukila unajifunika.

*Dodoki.* Wafanyabiashara, hili ni lenu. Ukiotesha mvua za Novemba zikianza, chini ya ubavu wa magharibi, linapanda waya mpaka kwenye paa na kutengeneza ukuta wa majani mapana. Matunda machanga yanaliwa. Ukiyaacha yakomae na kukauka, miezi minne hadi mitano tangu kupanda, unayamenya na kupata madodoki ya kuogea, ambayo sokoni yanauzika. Libebe kwa waya imara, maana matunda ni mazito.

*Karakara.* Kama una ardhi hata futi mbili mbele ya kibaraza, panda karakara ya njano, inavumilia joto kuliko ya zambarau. Usiipande kwenye ndoo ya lita 20, mizizi itabanwa na utapata majani bila matunda.

*Mchaichai na mrehani.* Hizi ni kwa ajili ya harufu, na mchaichai kwa ajili ya chai. Ziweke kwenye makopo karibu na kiti, mkono ukipita zinanukia. Lakini usidanganyike kwamba zitakukinga na malaria. Chandarua ni chandarua.

Sasa *minyaa.* Vijiji vya Unyamwezi vilizungushiwa minyaa tangu zama za misafara, na bado ni uzio mzuri wa shamba na boma la mifugo. Kibarazani usiiweke. Utomvu wake ukiingia jichoni unaumiza vibaya, na watoto hucheza kwa kuvunja matawi.

Udongo wa ndoo: sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri, sehemu moja ya mchanga. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuleta nzi, na nzi kwenye kibaraza cha mgonjwa ni aibu. Toboa matundu manne au matano chini ya ndoo na weka kokoto kidogo. Usiweke sahani chini ya ndoo ikabaki na maji, hapo unafuga mbu.

Maji: kiangazi kila ndoo ninaipa kama lita mbili kila siku ya pili, jioni. Natumia maji ya kuoshea mboga na mchele, yasiyo na sabuni. Chupa ya lita 1.5 iliyotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko, ikichomekwa kichwa chini kwenye udongo, inasaidia ukiwa safarini siku moja au mbili.

Na mbuzi wa jirani anaipenda nderema kuliko sisi. Kama kibaraza chako kiko chini, inua ndoo juu ya tofali, au funga kamba kwenye ngazi.

Kwa aliyepanga ghorofani

Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa ina uzito unaofika kilo 30. Kiroba kikubwa cha lita 50 kinafika kilo 80. Kwa hiyo juu tumia ndoo na makopo, uyapange karibu na ukuta wa nyumba, si kwenye ukingo wa mbele. Usining'inize chochote upande wa nje wa vyuma, maana chini wanapita watoto wa watu. Kinga ya neti au jamvi uifunge ndani ya vyuma, mahali penye upepo mkali uiache na uwazi juu na chini. Watoto wadogo wakiwepo, ndoo isigeuke ngazi ya kupandia vyuma. Na maji ya kumwagilia yasimdondokee jirani wa chini, hapo utapoteza ujirani kwa sababu ya mchicha.

Kwa mfanyabiashara wa kijijini

Kuna mama mmoja wa Sikonge anauza asali kibarazani kwake. Shida yake haikuwa jua. Ilikuwa kwamba kila mnunuzi, na kila aliyekaa kwenye benchi bila kununua, alimwona akihesabu fedha na kujua siku hiyo ameuza kiasi gani. Jioni wakopaji walikuwa wengi.

Nilimshauri kona ileile. Benchi la wateja na mizani vibaki mbele, mahali wote wanapoona. Nyuma ya kinga ya mita 1.2 ikae meza ndogo, daftari na sanduku, mlango wa chumba ukiwa mgongoni kwake. Shika kanuni hii: mizani iwe mbele za watu, hesabu ya fedha iwe nyuma ya kona. Ukificha mizani, wateja watakushuku, na watakuwa na haki.

Majirani nao

Hapa kwetu ukiweka kizuizi kibarazani watu watauliza. Wengine watadhani umepata fedha, wengine kwamba kuna mgonjwa unamficha, wengine kwamba umewachoka. Waambie mapema. Mke wangu aliwaeleza majirani wa pande zote kabla matete hayajafungwa: mama anahitaji kivuli, na benchi la wageni lipo palepale. Ile sehemu ya wazi niliiacha kwa ajili hiyo. Mtaa usioweza kukusalimu hautakuuliza pia siku ukiugua.

Kinga zilipokamilika mama alitolewa tena. Siku mbili za mwanzo alikaa kimya, akichungulia kwenye nafasi za matete. Siku ya tatu mzee mmoja wa jirani alipita asubuhi, akasema kwa sauti, kama anauambia ukuta, "Jamani, hawa wametukimbia." Kutoka nyuma ya matete mama akamjibu, taratibu lakini maneno yote yakatoka: "Mwangaluka baba. Kofia mpya hiyo nimeiona."

Nilikuwa navaa buti kwenda kazini. Nilielewa wakati ule kwamba mama hakuwa amewachoka watu. Alitaka yeye ndiye awaone kwanza. Sasa akiwa anakula, anyamaze, na mtu apite. Akishafuta mdomo na kujisikia vizuri, anaita mwenyewe. Wengine anawaita waje waketi upande wake, hasa wale kina mama wa rika lake, na hao hawaoni mkono unaotetemeka, wanaona mwenzao.

Hajapona. Mkono bado mzito. Lakini anatoka mara mbili kwa siku, na zile hatua kutoka kitandani mpaka kwenye kiti na kurudi ndizo mazoezi ambayo kitandani yalitushinda. Nderema anaichuma yeye, kwa mkono wa kushoto, na akiona jani limetobolewa na wadudu ananiuliza hii serikali inamlipa mwanawe kwa kazi gani.

Utaratibu kwa kifupi

1. Kaa, mtu apite, weka alama za macho yanapokutana.
2. Pima kimo cha kinga: mita 1.2 kwa kibaraza kilichoinuka, 1.5 kwa kilicho sawa na ardhi.
3. Zungumza na mwenye nyumba, kisha na majirani.
4. Ziba ubavu wa magharibi kwanza, kisha mbele ya kiti, kisha weka kona fupi karibu na mlango.
5. Acha uwazi wa sentimita 15 chini, na upande wa upepo usiuzibe.
6. Andaa ndoo za nderema sasa, na mbegu za dodoki zisubiri mvua za kwanza.
7. Jiko la mkaa liondoke kibarazani.

Anza na namba moja leo jioni. Haina gharama, inahitaji kiti na mtu wa kupita njiani. Kwa walio ndani ya kata yangu, vipandikizi vya nderema ninavyo, ukiniona na pikipiki nisimamishe nikugawie. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaingia shambani kwenye viwavijeshi, tukague majani pamoja.